Mlio wa Bomba la Moshi

Gari likibadilishiwa bomba la moshi kisha likaanza kulia kama debe lenye kokoto, aghalabu mwenye gari humshuku fundi, na fundi naye hulishuku bomba. Yafaa kwanza mlio wenyewe uulizwe: walia wakati gani, na wanyamaza wakati gani?

Corolla yetu ilifungwa bomba jipya hapa Bujumbura, la zamani likiwa limeliwa na kutu. Halikuwa la kiwanda kilichounda gari, bali la bei nafuu, na kwa macho lilikaa vizuri. Siku ya pili tukasikia mlio mkali chini ya kiti cha nyuma, gari likiwa limesimama huku injini inanguruma. Likishika mwendo, mlio ukakoma. Jirani mmoja akashauri injini ifunguliwe. Fundi aliyelifunga bomba akataka tununue jingine. Hakuna kati yao aliyelala chini ya gari akatazama. Nasi tulikuwa na safari siku ya Ijumaa, ya kumpeleka mama Gitega pamoja na watoto wawili.

Waijuao barabara hiyo watanielewa. Bujumbura iko kando ya ziwa, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Bugarama ni zaidi ya mita 2000, na baridi ya huko huwafanya abiria wafunge vioo vyote. Mlio peke yake haumdhuru mtu. Lakini kiungo kilicholegea huvujisha moshi, na ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hutwaa nafasi ya oksijeni katika damu. Ikipenya sakafuni, mtu huumwa kichwa, kisha husinzia, na wenzake hudhani ni uchovu wa safari.

Nikalipeleka gari Buyenzi, kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe. "Usiwashe kwanza, mwanangu," aliniambia. Bomba likiwa baridi, aligonga sailensa kwa ngumi. Ikatoa sauti nzito, ya kitu kizima. Ingelikuwa imevunjika ndani, vipande vingechezacheza. Akagusa bati la kukinga joto, nalo lilikuwa imara. Ndipo akalisukuma bomba kulia na kushoto, akamulika kwa tochi, akanionyesha mahali palipong'aa kama sarafu mpya. Kona ya bomba hilo ilipita karibu mno na chuma cha gari, na raba za kulining'iniza, ambazo ni zile zile za zamani, zilikuwa zimelegea. Injini ikizunguka polepole hutikisika zaidi, basi bomba likawa linabisha hodi. Mwendo ukizidi, mtikisiko hupungua. Mahali penyewe palikuwa karibu na miguu ya dereva, wala si nyuma tulikosikia, kwa kuwa chuma husafirisha sauti.

Alilegeza vibanio vyote, si kimoja, akaweka raba mpya, akalivuta bomba hata kidole kikapita kila upande, kisha akakaza kuanzia mbele kuelekea nyuma. Mlio ukaisha. Mimi nilikwisha kutoa pesa mfukoni, lakini yeye aliwasha injini, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kwa muda mfupi tu, akanitaka nisikilize. Kule mbele, kwenye kiungo, pakasikika "tsss". Gasketi ya zamani ilikuwa imerudishwa palepale, imepasuka upande mmoja. Hiyo haikuwa imepiga kelele hata siku moja.

Akaibadilisha kwa bei ndogo kuliko ya raba.

Ijumaa tulipanda milima vioo vimefungwa. Baada ya Bugarama mama alisinzia. Nikamwita mara mbili kwa hofu, naye akanikemea kwa kumkatizia usingizi.