Kwenda Hekaluni Bila Wanetu

Matatu iliondoka Kibwezi kungali giza. Mume wangu alikaa dirishani, nami nikapakata begi lenye gauni jeupe nililolishona mwenyewe na shati lake jeupe. Tulikuwa tunakwenda hekaluni kwa mara ya kwanza, na katika watoto wetu watatu hakuna hata mmoja aliyekuwa anatufuata.

Sisi ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Zamani waumini wa Kenya walipanda ndege hadi Johannesburg kufanya maagano ya hekaluni, na nauli hiyo mkulima wa ndengu aitoe wapi? Hekalu la Nairobi lilitangazwa Aprili 2017, likawekwa wakfu tarehe 18 Mei 2025. Katika miaka hiyo ya kungoja, wanetu waliondoka mmoja baada ya mwingine. Wote walibatizwa walipotimiza miaka minane. Kifungua mimba akaingia kwenye pombe, kisha akatuambia kanisa ni letu, si lake. Wadogo zake wakaacha kuja, kimyakimya.

Maneno yalikuwepo. Mtu anaendaje kuweka agano na Mungu na nyumba yake imetawanyika? Lakini kabla ya kupewa kibali cha kuingia hekaluni unahojiwa na askofu, kisha na rais wa kigingi, yaani kiongozi wa makusanyiko kadhaa ya eneo. Wanauliza habari za imani yako, uaminifu wako, zaka, na kama unajiepusha na pombe, tumbaku, kahawa na chai. Wanauliza pia unavyoishi na watu wa nyumbani mwako. Mwanao mtu mzima anaishije, hilo si swali. Niliporudi nyumbani siku ya mahojiano nililia kwa shukrani.

Asubuhi ile ya safari, Makindu tulipita pale hekalu la Masingasinga, ambako msafiri yeyote hupewa chakula bure. Emali, Sultan Hamud, Salama, jua likapanda. Mlolongo, kifungua mimba wetu alikuwa akitusubiri stejini. Anafanya kazi huko. Akanipokea begi. "Mama, hii nguo isikunjike," akasema, akalibeba mikono miwili kama anayebeba trei ya mayai, akatufikisha hadi mtaa wa Mountain View, langoni. Uwanjani aliweza kuingia. Mlangoni hakuweza.

Yanayofanyika ndani ni matakatifu, sitayaeleza yote. Nitasema tu kwamba tulipiga magoti kwenye madhabahu, mimi na mume wangu, tukaunganishwa kwa wakati huu na kwa milele yote. Ukutani kulikuwa na vioo vinavyotazamana, na ndani yake tulijiona tena na tena bila mwisho. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi kuunganishwa anaweza kuunganishwa nao, ila akishatimiza miaka 21 sharti kwanza apokee endaumenti yake mwenyewe, yaani ibada ya hekaluni ambamo mtu huweka maagano na Mungu. Wanetu wote wamepita umri huo. Kwa hiyo kwenye madhabahu ile tulikuwa wawili tu, na iliniuma. Nilimkumbuka Lehi wa Kitabu cha Mormoni, nabii aliyewasihi wanawe Lamani na Lemueli maisha yake yote. Ukaidi wao haukumfanya avunje agano lake.

Siamini kwamba utii wangu ni malipo ya kuwanunulia wanangu njia ya kurudi. Wana hiari yao, waliyopewa na Mungu yuleyule. Agano langu niliahidi mimi, na nitalishika hata wasiporudi. Wakirudi, watamkuta mama yao mahali pale walipomwacha.

Tulipotoka, kijana wetu aliuliza kama tumechoka, kisha akauliza, "Huwa mnaombea watu kwa majina huko ndani?" Nikamwambia ndiyo, majina huandikwa, na lake tumeliandika.

Mzazi mwenzangu, kama umeahirisha agano lako ukingoja watoto wote warudi kwanza, usingoje. Nenda.