Hodi ya Mchana

"Mzee, sikukuona."

Kijana wa bodaboda aliniambia hivyo akiwa bado ameng'ang'ania usukani wa pikipiki yake, magoti yakimtetemeka. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa saba, kati ya Makambako na Njombe, saa mbili kasoro robo. Ukungu ulikuwa umeanza kuachia. Yeye alikuwa akilipita lori la mbao. Mimi nilikuwa nashika upande wangu na Hilux yangu ya mwaka 1994, ya rangi ya kijivu, nimepakia magunia ya viazi. Alifanikiwa kurudi nyuma ya lori zikiwa zimebaki hatua chache tukutane uso kwa uso. Abiria wake, mama mwenye mtoto mgongoni, aliteremka akaketi kwenye majani bila kusema neno.

Nilimjibu kwa hasira: "Mbona mimi nilikuona?"

Jibu lile limenikaa kichwani tangu siku hiyo. Lilikuwa la kweli, ila halikuwa na msaada wowote. Kumwona kwangu kusingemwokoa yule mtoto. Taa nilikuwa nimezizima kwa kuwa kumekucha na njia naiona vizuri. Kama mimi mwenyewe naonekana, hilo sikuwahi kujiuliza.

Wiki ileile niliamua kufunga taa za mchana.

Kwa miaka nimeziona taa hizi kwenye magari mapya nikazidhania mapambo. Kumbe zina historia yake. Zilianzia nchi za kaskazini, ambako jua la majira ya baridi hupita chini na mchana unakuwa kama magharibi. Ufini ilianza mwaka 1972 kuwataka madereva wawashe taa mchana nje ya miji wakati wa baridi. Uswidi ikafuata mwaka 1977, kwa mwaka mzima. Kanada ikazilazimisha kwenye magari mapya kuanzia Desemba 1989, na Umoja wa Ulaya kwenye aina mpya za magari madogo kuanzia Februari 2011. Jua letu si la kule, lakini nalo lina maficho yake. Gari la kijivu likitoka kwenye kivuli cha mikaratusi, juu ya lami ya kijivu, halionekani hadi liwe limekaribia. Ongeza vumbi la kiangazi, ongeza ukungu wa Njombe.

Fundi wa kwanza alinifungia kwa nusu saa, akapokea hela yake, nikaondoka. Taa hazikuwaka hata siku moja. Nikampelekea gari fundi mwingine, kijana mpole, mdogo kuliko mwanangu wa pili. Hakukata waya wowote. Alifungua boneti, akachukua testa, akaniita.

"Mzee wangu, sogea uone. Taa kubwa umezima?"

"Nimezima."

Akagusa waya wa taa kubwa. Kitaa cha kwenye mpini wa testa kikawaka.

Akanieleza taratibu. Kwenye magari mengi, swichi hukata moto unaokwenda kwenye taa. Kwenye gari hili la zamani moto unakaa kwenye taa kubwa muda wote. Swichi inakata njia ya kurudi, yaani ethi. Fundi wa kwanza alikuwa ameweka relei ya kuzima taa za mchana pindi taa kubwa zinapowashwa, jambo ambalo ni sahihi kabisa, ila ishara ya kuamrisha relei hiyo aliichukua kwenye waya uleule usiokosa moto. Relei ikawa inapokea habari kwamba taa kubwa zinawaka, usiku na mchana, na kwa utii wake ikazifungia zile za mchana zisiwake kamwe.

"Relei haina kosa," alisema. "Fundi mwenzangu alidhani. Kila gari na njia zake, mzee. Unapima kwanza."

Akaanza upya. Ishara akaitoa kwenye taa ndogo, ambazo hupata moto pale tu zinapowashwa. Umeme wa taa za mchana akauchukua kwenye waya unaoamka ufunguo unapozungushwa, akatanguliza fyuzi ya ampea 5. Relei akaweka ya miguu mitano na kuutumia ule mguu ambao hubaki umeunganishwa relei inapopumzika. Kila kiungo alikilehemu, akakivika mpira. Mwisho akafika kwenye boliti ya ethi. Alisugua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma kikang'aa kama sarafu mpya, ndipo akafunga waya. "Umeme usio na pa kurudia haufanyi kazi," akasema, akifuta mikono.

Nilizungusha ufunguo. Taa mbili nyeupe zikawaka, wati 6 kila moja. Taa kubwa zangu zinakula wati 55 kila upande. Kuziwasha mchana kutwa ingekuwa kuchosha balbu na alteneta bure. Nikawasha taa ndogo, zile nyeupe zikazimika zenyewe. Nikazima taa ndogo, zikarudi.

Nilikaa nikizitazama kwa mbele, nikagundua kwamba jambo hili sisi Waswahili tunalo tangu zamani, nalo ni hodi. Hodi haipigwi kwa sababu mlango umefungwa. Hupigwa hata mlango ukiwa wazi, mchana kweupe, mwenyeji yuko ukumbini. Haimsaidii mgeni kuona chochote. Ni ya mwenyeji, apate nafasi ya kujitanda khanga, ya kumwondoa mtoto mlangoni, ya kujua kwamba kuna mtu anakuja. Na ina kiasi chake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inataka taa ya mchana isipungue kandela 400 wala isizidi 1200: ionekane, isiumize macho. Hodi isiyosikika ni sawa na kutobisha, na ya kugonga mlango kwa ngumi ni ugomvi.

Hapo nikamkumbuka kaka yangu.

Ilikuwa inatimia miaka miwili sijakanyaga kwake. Nilikopa kwake mbegu za viazi, mnyauko ukaingia shambani, nikavuna hasara. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba anaijua hali yangu, habari za mashamba hazifichiki, mtu mzima ataelewa. Nilikuwa nikiulizia afya yake kwa watu, nikimwombea, na siku alipolazwa sikupata usingizi. Kwa macho ya moyo nilimwona kila siku. Je, yeye aliniona? Alichokiona ni ukungu, na deni lake ndani yake.

Jumapili iliyofuata nilikwenda. Nilizima injini nje ya uzio, taa zikazimika. Lango lilikuwa wazi. Kaka alikuwa ameinama uani akichambua mbegu, amenipa mgongo, na kofia yake ileile ya sufu kichwani. Nilisimama langoni kwa muda, koo limekauka.

"Hodi."

"Karibu," akasema kabla hajageuka. Kisha akageuka. Kiazi alichokishika kilibaki mkononi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akanitazama kitambo. "Mbona kimya?"

Nilikuwa na jibu tayari, lile la kwamba nilidhani anajua. Nikaliacha. Nikavuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa lile rundo la viazi, na nikaanza kumsimulia tangu siku niliyoona jani la kwanza limenyauka.