Sisimizi wa Baridi katika Vilima vya California

Mtu wa mwambao akifika California ya kaskazini mwezi wa Januari hustaajabia mambo mawili: baridi ya alfajiri na ubichi wa majani. Huko mvua hunyesha wakati wa baridi, na kiangazi huwa kikavu. Tulipopita chini ya mialoni, katika vilima vilivyo karibu na Chuo Kikuu cha Stanford, wadudu walikuwa kimya, isipokuwa sisimizi mdogo wa kahawia mwenye tumbo linalong'aa, aliyekuwa akipanda shina la mti bila pupa.

Wataalamu humwita Prenolepis imparis. Wenyeji, sisimizi wa baridi. Hutoka kutafuta riziki hata joto likishuka karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, wakati washindani wake wamejificha. Hunywa maji matamu ya vidukari, na hula mizoga ya wadudu. Akiba yake huiweka mwilini: wafanyakazi wachanga hujaa mafuta hata matumbo yao yakatutumka.

Joto likizidi, jamii nzima huingia chini na kuziba mlango. Katika vyumba ambavyo mahali pengine hupita kina cha mita 3, malkia hutaga mayai, na mabuu hulelewa kwa akiba iliyomo miilini mwa wale wanene. Miezi hupita bila hata mmoja kuonekana juu ya ardhi.

Wafanyakazi hao wote ni wa kike. Nasi tuliosoma Sura An-Naml tunakumbuka kuwa chungu aliyewahimiza wenziwe waingie makaoni mwao ametajwa kwa kitenzi cha kike.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, sisimizi wa Argentina aliingia California, akawaondoa sisimizi wengi wa asili. Huyu wa baridi amesalia mahali pengi. Kwanza, huchuma wakati mvamizi amepoozwa na baridi. Pili, akibanwa hutoa tone la sumu tumboni. Mwaka 2011 watafiti wa Stanford walieleza kuwa sumu hiyo huua wengi wa wavamizi inaowagusa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mama anayeweka kidogo msimu wa neema, ili watoto wasilale njaa msimu wa dhiki, ana mwenziwe chini ya mialoni ya mbali. Naye mwenziwe huyo anajua pia siku ya kufunga mlango.