Nyuma ya Tela: Tawasifu ya Dereva wa Bodaboda

Tawasifu hii imeandikwa baada ya mwandishi wake kustaafu kazi ya bodaboda katika barabara ya Morogoro, kipande cha kati ya Mlandizi na Chalinze, na baada ya kubaini kwamba vijana waliorithi vijiwe vya huko wanajua bei ya kila kipuri lakini hawajui tabia ya lori. Mwandishi alizaliwa Mlandizi, akasoma hadi darasa la saba, akauza mahindi ya kuchoma kandokando ya barabara, kisha akapewa pikipiki kwa mkataba, yaani makubaliano ambayo dereva humpelekea tajiri hesabu ya kila siku mpaka chombo kiwe chake. Chuo cha udereva kilichompa cheti kilimzungusha baina ya koni katika kiwanja cha mpira, bila hata lori moja kuonekana.

Mwalimu wake wa kweli alikuwa marehemu mzee mmoja aliyewahi kuwa utingo, yaani msaidizi wa dereva wa lori, katika safari za Tunduma na Zambia. Mzee huyo alifundisha kwamba lori lenye tela linalotaka kukata kona ya kushoto mara nyingi hujisogeza kwanza kulia ili lipate nafasi, kisha magurudumu ya tela hupita ndani zaidi ya yale ya mbele, kwa hiyo upenyo unaojitokeza kushoto wakati huo ni mtego. Alifundisha pia kwamba dereva, kwa kuwa huketi kulia, hauoni vizuri ubavu wa kushoto, wala haoni kilicho karibu na mgongo wa tela, na kwamba mwendesha pikipiki asiyeuona uso wa dereva katika kioo cha pembeni ajihesabu kuwa haonekani. Usiku, alisema, tawi la kwanza la mti lililotandazwa barabarani lampasa mtu kupunguza mwendo papo hapo, kwa sababu mbele yake kuna lori lililoharibika, na huenda halina taa.

Mabishano yalizuka kwenye indiketa. Katika barabara kuu, dereva wa lori huwasha taa ya kulia kumwonya aliye nyuma kwamba kuna gari linakuja, na ya kushoto kumjulisha kwamba mbele ni kweupe. Mzee aliitii ishara hiyo bila swali, kwa hoja kwamba aliyeketi juu kwenye kichwa cha lori huona mbali zaidi. Mwandishi alikataa, na hadi leo anakataa, kwa kuwa taa hiyohiyo hutumika pia kuonyesha kwamba lori linakata kona au linaegesha, na kwa kuwa dereva hukadiria nafasi ya basi au gari dogo lenye nguvu, ilhali pikipiki ya cc 125 iliyopakia mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, huchelewa ubavuni mwa tela, na ikifika usawa wa kichwa hupigwa ghafla na upepo uliokuwa umekingwa na lori. Mwenyekiti mmoja wa kijiwe alimwita mwoga mbele ya abiria kwa msimamo huo. Abiria wale waliendelea kumpigia simu mwoga.

Vijana na wakumbuke kwamba sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56, na uzito huo, hata ukipita salama mizani ya Vigwaza, hausimami kwa kumhurumia aliyechomekea mbele yake. Anayetaka kupita na akae nyuma kwa umbali unaomwezesha kuviona vioo vyote viwili, achungulie mwenyewe, apite kulia bila kusitasita, na arudi kushoto pale tu lori zima linapoonekana katika kioo chake. Indiketa ya dereva wa lori aipokee kama habari, lakini uamuzi wa kupita ubaki wake mwenyewe.