Ngitili Ni Somo la Idara Gani?

Huku Usukumani, mvua za kwanza zinapoanza kunyesha, kaya hutenga sehemu ya ardhi na kuifunga. Mifugo haiingii humo msimu mzima. Nyasi hukua, vichaka huchipua, miti michanga hupata nafasi ya kuinua vichwa. Kiangazi kinapokaza na malisho ya kwingineko kugeuka vumbi, eneo hilo hufunguliwa kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, ili ng'ombe wavuke miezi ya njaa. Kisukuma huliita eneo hilo ngitili. Zipo ngitili za kaya, zipo na za kijiji kizima, na sheria zake tangu zamani zililindwa na dagashida, yaani baraza la jamii, bila karatasi wala muhuri.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na swali moja juu ya neno hili halijaniondoka: ngitili ni somo la idara gani chuoni? Mtaalamu wa misitu atasema ni lake, kwa sababu pana miti. Wa mifugo atalidai kwa ajili ya malisho. Mwanasheria ataona umiliki wa ardhi, mwanahistoria ataona mila iliyovuka tawala tatu, mwanauchumi ataona akiba. Mwanaisimu naye atauliza neno limetoka wapi na linanyambulika vipi. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna anayeweza kulimaliza peke yake.

Siku hizi vyuo vikuu vyetu vya umma vinazungumzia mambo mawili kana kwamba hayajuani. La kwanza ni utafiti mtambuka, ule unaokutanisha taaluma nyingi katika swali moja. La pili ni namna ya kumfanya mwanafunzi ajione mwenyeji, asiwe mpangaji wa muda aliyekuja kuchukua cheti. Rai yangu ni kwamba mambo haya mawili yana mlango mmoja, nao ni neno ambalo mwanafunzi amekuja nalo kutoka kwao.

Historia ya ngitili inanisaidia kulieleza hilo. Katika karne iliyopita nchi yetu hii ilikatwa miti kwa sababu nyingi zilizofuatana. Vichaka vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu, wakaziacha nyuma ngitili zao. Ilipofika 1986, Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ngitili zilizohesabiwa mkoani zilikuwa takriban hekta 600 tu. Wakati huo Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo katika Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa 2012.

Waliofika kuokoa ardhi wangeweza kuja na miche ya kigeni na kuwaamuru wanakijiji waipande. Kilichozaa matunda kikawa kitu kingine: kuwauliza wazee walikuwa wakifanya nini zamani, kisha kuirudishia ngitili heshima yake. Mwanzoni mwa karne hii eneo lililorejeshwa lilikuwa limevuka hekta 300,000. Mwaka 2005 ulitolewa utafiti mkubwa juu ya manufaa ya urejeshaji huo, ukiongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Hawakuhesabu miti peke yake. Walihesabu kuni, malisho, asali, dawa za mitishamba, nyasi za kuezekea, matunda ya porini na maji, wakakadiria kwamba manufaa hayo yalikaribia dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwezi. Hesabu ya namna hiyo haiwezi kufanywa na elimu ya misitu peke yake. Anahitajika ajuaye miti, anahitajika ajuaye fedha, na anahitajika ajuaye kukaa na mama jikoni akamwuliza kuni zatoka wapi na humchukua saa ngapi kuzifuata.

Tazama pia kilichotendeka kwa neno lenyewe. Leo ngitili huandikwa katika majarida ya kisayansi ya dunia kama lilivyo, bila kutafsiriwa. Wataalamu walijaribu kulifafanua kwa vifungu virefu, lakini mwishowe wote humrudia Msukuma na kulitumia neno lake. Mtoto wa mchungaji wa Kimali akilikuta neno hilo katika kitabu cha maktaba ya chuo kikuu, kuna jambo litakalomgusa ambalo hakuna semina ya kukaribisha wageni itakayoweza kulitenda.

Nasema hivyo kwa sababu nimewaona vijana wetu wakienda na wakirudi. Mmoja niliyemfundisha alikuwa hodari wa jiografia, na mashairi aliyaghani hata walinzi wa shule wakasimama kusikiliza. Alipopata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha umma, likizo ya kwanza alirudi amenyamaza. Nilipombembeleza alinieleza kwamba katika mjadala wa darasa alitamka maneno kwa lafudhi ya kwetu, wenzake wakacheka, na tangu siku ile akaamua kuchukua maandishi tu. "Mwalimu," aliniambia, "kule ninahudhuria, ila sipo." Kauli hiyo niliiandika katika daftari langu. Inatofautisha vizuri kuliko fasili nyingi nilizosoma: kuna kuhudhuria, na kuna kuwapo.

Kilichomrudishia sauti hakikuwa hotuba. Mwaka wa pili, mhadhiri wake wa elimu ya udongo aliwataka wanafunzi wote walete majina ya udongo wanayotumia wazazi wao, pamoja na sababu za majina hayo. Kijana wetu alipiga simu nyumbani, akazungumza na babu yake jioni nzima. Akarudi darasani na mteremko mzima wa nchi ya Wasukuma: luseni, udongo wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo, wa chini zaidi, unaofaa majaluba ya mpunga, ibambasi, ule mgumu wenye chumvichumvi unaomshinda mkulima, na mbuga, udongo mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kunata masika. Kwa mwenye Kiswahili cha pwani, mbuga ni uwanda wa nyasi. Kwa babu yule, mbuga ni udongo wenyewe, na anajua upandwe nini na lini.

Wanafunzi wa sayansi hufundishwa kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kilimani hadi bondeni, na kwamba mwanasayansi Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, Tanganyika, ndiye aliyeupa mpangilio huo jina la katena katika miaka ya 1930. Babu wa Kimali hakulijua jina la katena, ila alikuwa na jina la kila pingili ya mnyororo huo. Siku ile, kijana alinisimulia, swali lilitoka kwa mwanafunzi wa uchumi aliyekuwa amehudhuria somo lile: je, bei ya shamba huko kwenu hufuata majina hayo? Swali la udongo likawa la soko, na aliyeweza kulijibu ni yule aliyekuwa ameamua kunyamaza. Utafiti mtambuka ulizaliwa pale, na kuwapo kwake kulizaliwa saa ileile.

Wala hili si geni katika vyuo vyetu. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, kabla ya kuhamia Mlimani 1964. Mwaka huohuo wa 1964 ilianzishwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ambayo tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI. TUKI ndiyo iliyochapisha, mwaka 1990, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Kamusi ya namna hiyo haiwezekani mpaka mwanaisimu aketi na mkemia, kila mmoja akubali kufundishwa na mwenzake. Chuo hichohicho, kupitia Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa 2009 Atlasi ya Lugha za Tanzania, ambamo lugha za mama na babu zetu zimewekwa kwenye ramani na kuhesabiwa. Msingi upo. Kilichobaki ni kuutoa kwenye rafu na kuuweka mezani mwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Zipo hoja mbili nisizopenda kuzipita kimya. Ya kwanza inasema kwamba mwanafunzi huhitaji kwanza kitanda, chakula na mkopo uliofika kwa wakati, maneno baadaye. Ni kweli tupu. Aliyelala na njaa hajioni mwenyeji popote. Lakini nimewaona walioshiba, wenye chumba na mkopo kamili, wakarudi nyumbani kimya vilevile. Riziki humtunza mtu chuoni. Haimwambii kwamba chuo ni chake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: je, kuita lugha za nyumbani darasani si kuuamsha ukabila ambao Kiswahili kilituvusha? Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na umoja huo nimeula mkate wake. Hata hivyo Kiswahili chenyewe kinajibu. Ikulu tulilichota Unyamwezini na Usukumani. Ngeli, neno tunalolitumia kila siku katika sarufi, lilitoka kwa Wahaya. Na kitivo, jina la sehemu ya chuo kikuu chenyewe, lilitoka katika lugha za milima ya Upare na Usambara, ambako maana yake ni ardhi yenye rutuba. Hakuna neno kati ya hayo lililoigawa nchi. Kila moja liliingia Kiswahili likaacha kabila lake mlangoni, huku mwenye kabila lile akibaki na fahari ndogo ya kujua lilikotoka. Fahari hiyo ndiyo ninayoitaka kwa mwanafunzi wa Simiyu, wa Kigoma, wa Mtwara.

Kinachohitajika si fedha nyingi. Kila idara inaweza kumtaka mwanafunzi mpya alete neno moja la kwao linalohusu somo lake: la udongo, la ugonjwa wa mifugo, la mkataba wa kukopeshana ng'ombe, la aina ya mvua. Maneno hayo yakusanywe pamoja, yasomwe na idara zote, na kila neno litafutiwe maswali matatu kutoka taaluma tatu. Waliobobea katika Kiswahili watazame lipi linaweza kuingia katika istilahi za taifa. Mwanafunzi atakayeandika tasnifu juu ya neno aliloleta mwenyewe hatahitaji kuhimizwa kupenda utafiti.

Na sisi washairi tuna sehemu yetu. Mshairi wa kweli ni mtunza ghala la maneno. Akilisahau neno, hulisahau na jambo lake. Tukitunga tukiwa na kamusi moja tu mkononi, tunawafundisha vijana kwamba kilichomo nje ya kamusi hakistahili vina. Ubeti huu niliutunga kwa ajili ya kijana yule, nikamtumia:

Mwana mgeni kisoma, bila neno la nyumbani,
Hubaki amesimama, kizingitini chuoni,
Mwulizeni kwa hekima, ajuayo ya shambani,
Elimu yenye heshima, haimwachi mlangoni.

Alinijibu kwa ujumbe mfupi kwamba ameuweka ukurasa wa kwanza wa kazi yake ya utafiti, na kwamba msimamizi wake, mtu wa hesabu, amemwomba amfafanulie mizani. Nilifurahi. Kama mtu wa hesabu ameanza kuhesabu silabi zetu, basi kitivo kinaanza kurudia maana yake ya kwanza, ardhi yenye rutuba.