Swali la Majani ya Njano

Kitabu changu cha kwanza kilikuwa na kurasa 64. Nilikiandika miezi saba, usiku, wanangu wakishalala, nikakiita Kilimo Bora cha Mpunga. Kijana wa steshenari pale Ifakara akanisaidia kukigeuza faili la kutumwa kwa simu. Bei niliweka shilingi 10,000. Msimu mzima niliuza nakala 11, na tisa kati ya hizo walinunua ndugu zangu na watu ninaosali nao. Nilikuwa nimeanza na historia ya zao, nikafuata udongo, hali ya hewa, aina za mbegu. Magonjwa yalikuwa ukurasa wa 41. Mtu aliyesimama jarubani, matope yamemfika magotini na mpunga wake unageuka rangi, hawezi kufika huko.

Mimi ni mzaliwa wa Mngeta. Nyuma yetu ni milima ya Udzungwa, mbele ni bonde la Kilombero, katikati inapita reli ya TAZARA. Kwetu mtoto anajua kuwinga ndege kabla hajajua kusoma. Mama yangu alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo, na mwaka 1973 alikuwa katika kikundi cha redio cha kampeni ya Mtu ni Afya. Alinisimulia mara nyingi jinsi walivyokaa chini ya mwembe kuizunguka redio moja. Kipindi kikiisha, kiongozi anasoma kijitabu, kisha wanaulizana: sisi hapa tutafanya nini? Kesho yake wanatoka na majembe kuchimba choo. Nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Miaka yote niliisikia kama hadithi ya mama tu, mpaka nilipoanza kuuza mafunzo mwenyewe ndipo nikaelewa kwamba somo lao lilikuwa linaishia kwenye jembe, na langu la kurasa 64 liliishia kwenye simu.

Kufundisha nilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010, kilimo shadidi cha mpunga kilipofika kwa wakulima wadogo wanaolizunguka shamba kubwa la Mngeta, lile la hekta 5,818. Nilikuwa mkulima mwezeshaji. Watu wakaniita bibi shamba, ingawa cheti cha ugani sina. Mbinu yenyewe ilianzia Madagaska mwaka 1983, kwa padri Mfaransa, Henri de Laulanié. Mche unahamishwa ukiwa na siku 8 hadi 12, majani mawili tu, badala ya wiki tatu au nne tulizozoea. Unapanda mmoja mmoja, sentimita 25 kwa 25, kwa kufuata kamba iliyofungwa mafundo.

Kina mama waliponiona napanda hivyo walinihurumia. Mche wa siku kumi ni mwembamba kama sindano, punje yake bado inaning'inia chini. Hauvutwi. Unauchota pamoja na udongo wake, unaushika pale kwenye punje kwa dole gumba na kidole cha shahada, unautelezesha kwenye tope kwa ubapa ili mzizi ulale. Ukiusukuma wima, mzizi unajikunja kama ndoana, ncha inaangalia juu, na mche unapoteza siku nyingi kabla ya kushika. Kitabuni jambo hilo lilichukua kurasa tatu. Kwa mkono linaonekana mara moja.

Walionifungua macho ni watu wa kilimo cha simu. Wapo Dar es Salaam, wapo Dodoma, wamekodi ekari tano au kumi huku bondeni. Wanatuma pesa ya trekta, ya mbegu, ya palizi, na kila wakipiga wanajibiwa kwamba shamba linaendelea vizuri, bosi. Namba yangu ikaanza kupita kwao mkono kwa mkono. Nikanunua daftari la kaunta, nikawa naandika kila swali kama lilivyosemwa, neno kwa neno. Hakuna hata mmoja aliyeuliza udongo unaofaa ni upi. Waliuliza: "Bibi shamba, msimamizi ananiambia mbegu kilo 30 kwa ekari, ananiibia?" "Mvua imekata na nimeshapandikiza, nifanyeje?" Na lile lililojaza kurasa nyingi kuliko yote: "Mpunga wangu umekuwa wa njano, ni mbolea?"

Swali hilo liliniumbua. Mteja mmoja wa Dodoma alinilipa shilingi 5,000 ya ushauri, akanitumia picha. Niliona unjano, nikamwambia aweke urea. Akanunua mifuko miwili, vibarua wakaingia wakamwaga. Wiki mbili baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi. Nikapanda bodaboda nikaenda mwenyewe. Ilikuwa kimyanga. Ugonjwa huu wa virusi ulionekana kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, na hakuna dawa ya kupulizia inayouponya. Mbawakawa wanausambaza, lakini hata mikono na zana zilizogusa mmea mgonjwa zinauhamisha. Wale vibarua waliopita mstari kwa mstari kwa neno langu, wakipangusa majani kwa miguu na mikono, huenda waliusogeza mbele. Nilimrudishia mteja pesa yake pamoja na nusu ya bei ya mbolea. Usiku ule sikulala.

Asubuhi nilichuma jani moja kwenye jaruba lenye njaa ya mbolea na jingine kwenye mpunga wenye kimyanga, nikayalaza kwenye sahani nyeupe ya bati. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya chini, ya zamani, na unjano wake ni sawasawa. Kimyanga huja na vidoadoa na michirizi kwenye majani machanga, na shina linadumaa, mara nyingi mahali pamoja pamoja kama viraka. Mwanangu alishika simu akarekodi video, mimi nikaongea. Dakika nne. Hapakuwa na muziki wala utangulizi, na tuliipunguza ukubwa isile bando la mtu. Jina lake ni lile swali, kama lilivyo daftarini. Mwisho nasema cha kufanya leo hii: ng'oa miche migonjwa, ifukie, nawa mikono, usiingie kwenye mpunga mzima. Bei shilingi 2,000, kwa M-Pesa.

Msimu huo waliinunua watu 140. Karibu wote walinunua kati ya Februari na Machi, mpunga ukiwa kwenye umri wa kugeuka rangi. Agosti hakununua mtu. Tangu hapo kila somo ninalotengeneza nalipangia mwezi wake, kama tunavyopanga kitalu.

Wapo wanaoniuliza kwa nini niuze elimu wakati ya bure ipo. Ipo kweli, na nzuri. Jarida la Mkulima Mbunifu linatolewa bure kwa Kiswahili tangu 2011, nami nawaelekeza watu huko bila kinyongo. Anayenilipa ananunua mpangilio, kipi kianze na kipi kifuate kwenye shamba lake, na anajua akipiga nitapokea. Vijana wa biashara walinishauri niandike kwenye tangazo kwamba somo langu linaleta gunia 40 kwa ekari. Nilikataa. Majaruba mengi huku yanangoja mvua na mafuriko, hayana mfereji. Kwa hiyo somo la kulowesha na kukausha maji linaanza na maneno haya: kama huwezi kuyatoa maji shambani mwako, usinunue hili. Nimepoteza wateja kwa sentensi hiyo, lakini waliobaki wanarudi.

Mwaka mmoja nilisikia sauti yangu kwenye kibanda cha kuweka nyimbo, Ifakara. Masomo yangu yote yalikuwa kwenye memori kadi, yanauzwa shilingi 500. Iliniuma sana. Kisha nikaona wanaoyanunua ni akina baba wenye ekari moja, wasio na simu ya kufungua video, ambao nisingewafikia. Nikarekodi upya kila somo, namba yangu ikitajwa mwanzoni. Sasa wananipigia wao. Mmoja aliniamkia shikamoo, akaniambia: "Mama, umeishia kwenye kuvuna. Tunakaushaje?"

Somo hilo ndilo ninalotengeneza sasa. Mpunga wa kuhifadhi uwe na unyevu usiozidi asilimia 14, lakini kipimo cha mashine wengi hawana. Wana meno. Punje iliyokauka ukiing'ata inavunjika kwa mlio mmoja mkavu, tak, na mbichi inabonyea kimya. Jana nilikaa juu ya turubai, simu karibu na mdomo, nikang'ata punje baada ya punje mpaka mlio ukasikika vizuri. Ya tano ilitoka safi kabisa. Wakati huohuo treni ikapiga honi.

Leo nimeanika tena.