Glavu za manyoya na mbuzi wetu wa Krismasi

Shemeji yangu mmoja kanikera, na nikikereka huwa naandika. Juzi nilituma kwenye kundi la familia picha ya glavu nilizoshona kwa mkono wangu. Mgongoni ni manyoya ya biva, yule mnyama wa mtoni mwenye mkia bapa anayeangusha miti kwa meno. Kiganjani ni ngozi ya musi, jamii ya kulungu, mkubwa kuliko ng'ombe wetu. Ndani nimeweka kitambaa kizito cha sufu. Nilitegemea hongera. Shemeji akajibu kwa sauti huku akicheka: "Shem, hali imekuwa ngumu huko mpaka mnavaa ngozi za wanyama? Sema tukuchangie." Wengine wakamwaga vicheko. Mama mdogo, kwa huruma ya kweli kabisa, akaandika kwamba ataniombea.

Kwenye kundi nilijibu kwa adabu, maana ni mkubwa kwangu. Hapa nitasema yote.

Ninaishi Yellowknife, makao makuu ya Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada, kando ya ziwa Great Slave. Desemba jua linachomoza saa nne asubuhi na saa tisa alasiri limeshazama. Nyuzi 30 chini ya sifuri ni siku ya kawaida ya Januari: shule ziko wazi, ofisi ziko wazi. Zikifika 40, vinyweleo vya puani vinaganda ukivuta pumzi, simu inazimika mkononi, na gari ambalo halikulala limechomekwa kwenye umeme haliwaki. Ziwa lenyewe linaganda mpaka serikali inafungua barabara juu ya barafu kwenda kijiji cha Dettah, na malori yanapita. Nyie wa Njombe mnaijua baridi, nawaheshimu, mimi mwenyewe nimezaliwa humo. Lakini hii ni nyingine.

Katika baridi hiyo glavu ya dukani yenye vidole vitano ni hatari. Kila kidole kimetengwa peke yake na kinapigania joto lake peke yake. Watu wa huku, Wadene, walishalijua hilo kabla ya duka lolote kufunguliwa: vidole vinne vikae pamoja, gumba liwe na nafasi yake, na mkono uingie na kutoka bila kung'ang'ana. Ikibana, damu haipiti, na pasipopita damu kidole kinaganda.

Aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Kidene. Simtaji jina kwa sababu hapendi mambo ya mtandaoni. Kila majira ya baridi hukusanya wanawake, na siku hizi vijana wa kiume pia, kwenye ukumbi mdogo wenye meza ndefu. Anakuja na maboksi ya ngozi. Ngozi ya biva utaijua tu, ni ya mviringo, kwa sababu huwambwa ikavutwa pande zote, vilevile wazee wetu wanavyowamba ngozi ya ngoma. Ina manyoya ya aina mbili. Juu ni marefu, magumu kidogo, yanang'aa. Ukipuliza kwa mdomo yanagawanyika, na chini yake unaona mengine mafupi, laini, yaliyosongamana mpaka ngozi yenyewe haionekani. Hayo ya chini ndiyo yanayozuia baridi. Bibi huwa anampulizia kila mwanafunzi mpya kabla ya kumpa wembe.

Ndiyo, wembe. Manyoya hayakatwi kwa mkasi. Unalaza karatasi, unaweka mkono, unauchora pembeni kote na kuongeza nafasi. Kisha unahamishia mchoro kwenye upande wa nyama wa ngozi kwa kalamu. Halafu unainua ngozi hewani, mtu mwingine anashika upande wa pili, na unapitisha ncha ya wembe polepole ukate ngozi tupu bila kugusa unywele hata mmoja. Ukitumia mkasi unakata ngozi na manyoya kwa pamoja, na glavu ikiisha inabaki na upara kwenye mshono. Pale ukumbini, wembe ukipita, chumba kizima kinanyamaza.

Sindano nayo si ya kawaida. Ncha yake ina kingo tatu, inakata inapoingia, maana ya mviringo haipenyi ngozi bila kukutoboa wewe. Uzi unapakwa nta. Zamani walitumia kano za mgongo wa musi, wakazichana nyembamba na kuzilowesha mdomoni. Unaweka vipande viwili manyoya ndani, unashona ukizungusha uzi ukingoni, mishono imekaribiana, na kila mshono mmoja unasukuma manyoya kwa ncha ya sindano yasinaswe. Sehemu ngumu ni gumba, kipande kidogo kinachozunguka huku tundu lake la kiganjani likipinda upande mwingine, na viwili hivyo vinatakiwa vikutane bila mkunjo. Ukimaliza unageuza, unachokoachokoa manyoya yaliyonaswa, unachana kwa brashi, na mshono unapotea. Kabisa. Unaweza kuutafuta kwa kidole usiupate.

Na kuna kamba. Sufu za rangi zilizosukwa, zenye vishada, zinapita shingoni na kuunganisha glavu mbili. Mgeni anadhani ni mapambo. Glavu ikidondoka ukiwa kwenye pikipiki ya theluji mbali na mji, unaweza kuupoteza mkono, ndiyo maana imefungwa kwako.

Sasa hiyo ngozi ya kiganjani. Mara ya kwanza kuinusa nilisimama kimya, kwa sababu ilinukia jiko la bibi yangu mzaa baba, kule kwetu, moshi wa kuni uliokaa miaka kwenye dari. Ngozi ya musi inakwanguliwa nyama upande mmoja na manyoya upande wa pili, kwa zana ya mfupa wa mguu wa musi mwenyewe. Inalowekwa kwenye maji ya ubongo, inakamuliwa kwa kusokotwa kwenye mti, inavutwa na kufikichwa mpaka inakuwa laini. Mwisho inashonwa kama mfuko na kuning'inizwa juu ya moshi wa mti uliooza. Moshi ndio unaofanya ngozi ikilowa na kukauka ilainike tena. Bila moshi ingekauka kama ubao. Hiyo ni kemia, shemeji, na imefanywa na wanawake wasiokuwa na maabara.

Nisiwapambe Wakanada kupita kiasi. Biva huyuhuyu, ambaye yuko kwenye sarafu yao ya senti 5 tangu mwaka 1937, ndiye aliyewaleta wafanyabiashara wa kizungu mpaka huku. Kampuni ya Hudson's Bay iliundwa London mwaka 1670 kwa ajili ya manyoya yake, yaliyokuwa yakienda Ulaya kutengeneza kofia za mabwana, na wanyama walikaribia kuisha. Baadaye watoto wa Kidene na wa makabila mengine wakachukuliwa kwenda shule za bweni, wakakatazwa lugha zao, wakakaa mbali na mama zao miaka ile ambayo mtoto angeshikishwa sindano. Serikali iliomba radhi mwaka 2008, na tume ya ukweli ikatoa ripoti yake mwaka 2015. Kwa hiyo hawa watu walikaribia kuupoteza ufundi huu, na wanajua ulipotelea wapi. Ndiyo maana leo kikundi cha Dene Nahjo huweka kambi ya kutengeneza ngozi mjini kabisa, kwenye bustani ya Somba K'e karibu na ofisi za manispaa, mahema na moshi na mifupa ya kukwangulia, na watumishi wa serikali wanapita na kahawa zao wakisimama kutazama. Binti wa miaka ishirini anakwangua, bibi yake kakaa kwenye kiti anamwelekeza. Hakuna anayecheka.

Turudi nyumbani.

Bibi yangu alibebwa mgongoni kwa ngozi ya mbuzi. Alikuwa anatusimulia akiwa mzee, na alikuwa anasimulia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetaja deni. Kwa nini? Mama yake alikuwa na ngozi laini, iliyofikichwa kwa mafuta na mikono, yenye mikanda iliyopimwa sawasawa na mwili wa mtoto. Huo ni ufundi. Lakini ilikuja shule, ikaja misheni, ikaja khanga na amerikani, na mwenye ngozi akaambiwa hajastaarabika. Sawa, khanga ni nyepesi, inafulika, sina ugomvi na khanga. Ninagombana na ile aibu. Tumeipokea, tukaitunza vizuri kuliko tulivyotunza ngozi zenyewe, na sasa inatoka kwenye simu ya shemeji yangu miaka mingi baada ya aliyeileta kuondoka.

Maana viatu vya ngozi kutoka nje tunavitafuta Kariakoo na kuvinunua kwa bei ya kutisha, tukivinusa kuhakikisha ni ngozi halisi. Ngoma ikipigwa kwenye harusi tunacheza, na ile ni ngozi. Makubadhi tunavaa na kanzu. Kumbe ngozi haina tatizo. Tatizo letu ni kuona mtu tunayemjua akiishika mwenyewe.

Na Njombe ndiyo inayoniuma zaidi. Nani wa Njombe hajui miwati? Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianza mwaka 1949 kuipanda, na ilipandwa kwa ajili ya magome, kwa sababu magome yake yana dawa ya kusindika ngozi. Dawa ya ngozi imeota nyuma ya nyumba zetu. Tumekulia humo, tukapikia kuni zake, tukachoma mkaa wake. Halafu Krismasi tunachinja mbuzi chini ya mti huohuo, ngozi tunawatupia mbwa. Pwani nako ni vilevile: wamezungukwa na mikoko, ambayo magome yake yanafanya kazi hiyohiyo, na Idi ya kuchinja ikipita ngozi zinaoza majalalani.

Baba mdogo ana bucha Makambako. Nilimpigia kumuuliza ngozi anapeleka wapi. Akaniambia anazizika, kwa sababu mnunuzi aliyekuwa akipita haji tena, na alipokuwa anakuja alikuwa analalamika matobo. Matobo ni ya kisu. Wachunaji wetu wanakimbizana na nyama, kisu kinapita popote, na ngozi inatoka kama chandarua. Huku mwindaji akitoboa ngozi ya biva, mkewe anamsema wiki nzima.

Najua nitakayoambiwa. Kwamba Tanzania si Kanada, nani anataka manyoya Dar es Salaam? Dar waacheni na feni zao. Mimi nazungumzia Njombe, Makete, Mufindi, Lushoto juu, Mbulu. Juni na Julai, asubuhi nyasi zimefunikwa barafu nyeupe, mtoto anakwenda shule kaingiza mikono ndani ya mikono ya sweta. Dereva wa bodaboda anatoka Makete saa kumi na moja alfajiri na soksi amevaa mikononi, nimeona kwa macho yangu. Wakati huohuo jirani anafuga sungura, anauza nyama, ngozi anatupa shimoni. Manyoya ya sungura! Wadene walikuwa wakikata ngozi za sungura mwitu kuwa mikanda na kuifuma blanketi la mtoto. Jozi moja ya glavu za bodaboda, nje ngozi ya mbuzi na ndani manyoya ya sungura, ingempeleka yule kijana mpaka Njombe mjini akiwa bado anavihisi vidole vyake kwenye breki.

Na wataalamu tunao. Mwanza, kwenye kampasi ya chuo cha DIT, wanafundisha teknolojia ya ngozi. Moshi kuna kiwanda cha ngozi pale Karanga. Lakini kiwanda hakiwezi kurudisha ngozi iliyokwisha kutobolewa na kuoza. Kazi inaanzia chini ya mti wa kuchinjia, kwa mtu mwenye kisu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa nyanda za juu, Krismasi inakuja. Mbuzi akishafunguliwa tumboni, wekeni kisu pembeni, mchuneni kwa kusukuma ngumi kati ya ngozi na nyama. Kwangueni mafuta. Ngozi ikishapoa itandazeni, upande wa nyama juu, muipake chumvi ya mawe iliyopondwa, kiasi cha nusu ya uzito wa ngozi, msibakize kona. Ikaushieni kivulini, kwa sababu jua linaipika. Sokoni wauza viungo wana shabu. Shabu na chumvi kwenye ndoo ya maji vinatosha kutengeneza ngozi yenye manyoya ya kulalia au kushonea, ila isije ikaloweshwa tena, maana shabu inatoka na maji. Mwenye ndoto kubwa zaidi awatafute wa Mwanza.

Wembe mnao, uzi wa nta upo kwa kila fundi viatu. Sindano za ncha tatu ndizo ngumu kupatikana. Nitakuja nazo Juni, na atakayekuwa na ngozi ya sungura isiyo na tobo nitamkatia glavu palepale, nimwonyeshe namna ya kushona gumba. Shemeji, na wewe karibu. Njoo na mbuzi wako.